Nimesoma PR na matangazo chuoni miaka mitatu, haya ndo maoni yangu ya kweli (naipa nyota 3 kati ya 5)

Wadogo zangu mliomaliza fomu siksi na mnasubiri dirisha la TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) la kuomba chuo, hii ni yenu, na wazazi nao wasome maana ndo wanaolipa. Kila mwaka matokeo yakitoka tu meseji zinaanza, dada ile kozi uliyosoma ya PR (uhusiano wa umma) na matangazo ikoje, inasomeka, ina ajira, nijaze chaguo la kwanza? Nimekuwa nikimjibu mmoja mmoja kwa sauti, dakika tano tano, sa mwaka huu nimeona niandike yote sehemu moja, mazuri na mabaya, vile mtu anavyoelezea simu aliyokaa nayo miaka na anaijua mpaka chaji yake.

Chuo sitakitaja. Kozi yenyewe inafundishwa vyuo kadhaa na kila kimoja kina namna yake ya kuiita, UDSM uhusiano wa umma wameuweka pamoja na matangazo, SAUT kule Mwanza wameuweka pamoja na masoko, kwingine utaikuta imekaa ndani ya mawasiliano ya umma. Ukichungulia masomo yenyewe kiini hakiachani sana, uhusiano wa umma, matangazo, brandi, utafiti, maadili na uandishi kidogo. Hicho kiini ndo nakipima hapa na nimekipima kwa kukitumia, maana nilishahitimu na huu ni mwaka wa tatu natafutia ugali hiyo digrii kwenye ejensi ndogo ya watu saba maeneo ya Kinondoni.

Tuanze na hela. Ada yangu ilikuwa 1,300,000 kwa mwaka mara miaka mitatu, hapo hujaweka chumba, kula, nauli, na kuprinti maasaimenti. Bodi ya Mikopo walinipa sehemu tu, na hili mlijue mapema, kozi zetu haziko mstari wa mbele kwenye vipaumbele kama udaktari au ualimu wa sayansi, kwa hiyo usipige hesabu za bumu, ile hela ya mkopo, kabla hujaliona kwenye akaunti. Pengo lililobaki mama yangu aliliziba kwa mkopo wa vikoba, akawa anapeleka marejesho kila Jumamosi mpaka nafika mwaka wa tatu. Nikisema hapa kitu fulani kilistahili hela yake au hakikustahili, nazihesabu na zile Jumamosi.

Kuingia sio shida, prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4 ndo kiwango cha chini cha kawaida, darasani kwetu tulikuwa na watu wa tahasusi za HKL, HGL, HGE, mpaka mmoja wa PCB, ile ya sayansi, aliyesema damu haiwezi.

Sasa mazuri. Kitu ambacho hii kozi inakupa na huwezi kukipata kwa kuangalia video za mtandaoni ni akili ya kukaa kwanza ukamjua mtu kabla hujafungua mdomo. Hiyo akili inakuja polepole na inakuja kwa njia ya vitu ambavyo mwanzoni vinachosha. Semista ya kwanza ni historia na nadharia mwanzo mwisho, modeli nne za PR za wasomi wa Marekani Grunig na Hunt za mwaka 1984, kutoka yule anayepiga kelele tu asikike mpaka yule anayesikiliza na yeye mwenyewe akakubali kubadilika. Tukafundishwa habari za Ivy Lee, mwandishi wa habari wa Marekani aliyehamia upande wa uhusiano wa umma, mwaka 1906 treni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kule Atlantic City wakafa watu zaidi ya 50, na enzi zile makampuni ya reli kawaida yao ilikuwa kuficha, yeye akawaambia toeni taarifa nyie wenyewe na waandishi wapelekeni pale pale wakaone. Niliandika kwenye daftari, nikajibia mtihani, nikasahau.

Mwaka wa pili nikaenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye taasisi moja inayohudumia wananchi, kitengo cha habari na uhusiano. Wiki ya pili pampu ikaungua, mitaa minne ikakaa siku tatu bila maji. Simu ya mezani ikawa inaita mpaka mkono wake wakauweka pembeni isiite. Siku ya pili asubuhi bosi akaniambia binti andaa taarifa kwa umma, akanipa na mfano wa zamani niufuate, unaanza hivi: "Tunapenda kuwataarifu wateja wetu wapendwa kuwa kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu kumejitokeza changamoto ya upatikanaji wa huduma katika baadhi ya maeneo." Uisome tena. Neno maji halimo. Jina la mtaa halimo, siku halimo, mtu ana ndoo tupu mkononi anaambiwa kuna changamoto ya upatikanaji.

Pale ndo ile treni ikanirudia kichwani. Nikaandika pampu imeungua Jumanne usiku, mitaa isiyo na maji ni hii minne, nikaitaja, fundi ameshafika na kifaa kipya kinafungwa, tunatarajia maji yarudi Alhamisi jioni, kabla ya hapo boza litapita saa moja asubuhi na saa kumi jioni na litasimama hapa na hapa, ukikwama piga namba hii. Basi. Bosi akaikataa, akasema tunajianika. Nikabadilisha maneno mawili matatu nikarudisha, akaikataa tena. Mara ya tatu aliyeokoa ni mhandisi, alikuwa amekuja kusaini kitu, akaisoma akiwa amesimama akasema mama toa hiyo hiyo, mi nimechoka kupigiwa. Ikatoka saa nane mchana. Simu hazikuisha, ila nilikaa mapokezi na nikasikia kwa masikio yangu swali linabadilika, asubuhi watu walikuwa wanasema "nyie mnatufanyaje", jioni wanauliza "boza linafika saa ngapi kwa Mzee wa Mkaa?" Mtu anayekuuliza saa ameshakuamini kidogo. Hiki kitu nisingekijua bila darasa, na nisingekielewa bila fildi.

Somo la maadili nalo naomba mlichukulie kwa uzito, wengi wanalikimbilia wakidhani ni la kupatia maksi za bure. Sisi tulifundishwa na Dokta mmoja, mama wa makamo, anaongea taratibu mpaka darasa zima linanyamaza limsikie. Siku hiyo alikuwa anafundisha habari za Edward Bernays, mmoja wa waanzilishi wa PR kule Marekani, Jumapili ya Pasaka mwaka 1929 jijini New York, wanawake wakapita Fifth Avenue kwenye maandamano ya sikukuu wakivuta sigara hadharani kitu ambacho kilikuwa mwiko kwao, magazeti yakaandika kama habari ya uhuru wa mwanamke, kumbe aliyepanga ni Bernays na aliyekuwa analipa ni kampuni ya sigara ya American Tobacco. Dokta akazima projekta. Akauliza nani kati yenu angeikubali hii kazi, hela iko mezani? Mikono ikanyanyuka mingi, na wangu ukiwemo. Akasema shusheni, sasa huyo anayeshawishiwa avute ni mdogo wako wa miaka 16, haya nyanyueni. Ikabaki michache. Akatuuliza, sasa kilichobadilika ni nini, sigara au mtu? Tulibishana lisaa lizima, watu wakatoka nje bado wanabishana, tukaendelea kwenye vimbweta mpaka giza. Mwaka jana ofisini ililetwa kazi ya kubeti iliyolenga wanafunzi wa vyuo, nikasema kwenye kikao mimi hii siandiki, nikaeleza kwanini, nikapewa kazi nyingine ya unga wa lishe. Ule ujasiri ulitoka kwenye lile swali.

Kwa hiyo nyota mbili kamili ni za hapo, akili na maadili. Nyota ya tatu nitaisema mbele.

Sasa naingia kwenye kinachoniuma, na kinaniuma kweli kwa sababu kinarekebishika.

Kozi inafundishwa kwa Kiingereza. Sawa, sheria ya vyuo ndo hiyo na vitabu ni vya huko. Lakini kazi tunayoenda kuifanya, karibu yote, ni ya Kiswahili. Tangazo la redio ni Kiswahili, bango la Ubungo ni Kiswahili, kapsheni ni Kiswahili, taarifa kwa umma ni Kiswahili, ukienda kumtuliza mteja mwenye hasira ni Kiswahili. Miaka mitatu sikuandika hata asaimenti moja ya kopi, yaani maneno yenyewe ya tangazo, kwa Kiswahili iliyosahihishwa kama Kiswahili, mtu akakaa akaniambia hili neno limelala, hii sentensi inapumulia pabaya. Tunafundishwa kuongea na watu kwa lugha ambayo wale watu hawaitumii wakiwa nyumbani kwao, halafu tukitoka tunaanza kutafsiri.

Niwape mfano wa kundi letu wenyewe. Mwaka wa pili semista ya pili tulipewa kazi ya kubuni kampeni ya sabuni ya unga ya kufikirika. Tukaandika kaulimbiu kwa Kiingereza kwanza, kila mtu akaipenda, halafu tukaitafsiri ikawa "Hisi upya." Tukachora bango, mwanamke anacheka, ameinua shuka jeupe, chini "Hisi upya". Presentesheni tulipata maksi nzuri sana. Ila utafiti ulitaka tuwaonyeshe watu kumi, tukaenda Mwenge sokoni, mama mmoja anauza dagaa akaliangalia bango muda mrefu tu kwa heshima zote akauliza, upya wa nini wanangu, hiyo shuka mpya mnaiuza? Wa pili akauliza hivyo hivyo. Wa tatu akasema mimi shuka langu sio jipya. Neno lenyewe lilikuwa linamaanisha kitu kingine kabisa kwenye masikio ya mtu tunayetaka anunue, na katika watu kumi hakuna hata mmoja aliyejua ni tangazo la sabuni mpaka tulipomwambia.

Wale kina mama ndo walitufundisha. Nilimuuliza yule wa dagaa, mama, we sabuni nzuri unaijuaje? Akasema naijua nguo ikishakauka, sabuni mbaya harufu inaishia kwenye beseni. Tulivyorudi nikaandika "Nguo ikikauka, bado inanukia." Ihesabu kwa vidole, ngu-o-i-ki-ka-u-ka saba, ba-do-i-na-nu-ki-a saba, na siku hiyo sikuhesabu, ilitoka tu hivyo kwa sababu Kiswahili kikikaa vizuri mizani inajipanga yenyewe. Kwenye ripoti hiyo kaulimbiu ya pili haikuwa na sehemu ya kuandikwa, fomu ilikuwa na nafasi ya ile ya Kiingereza tu.

Na hapa ndo inakuja nyota ya tatu, yote ya mtu mmoja. Tulikuwa na mwalimu wa muda, anakuja Jumamosi, mzee aliyeandika matangazo ya redio miaka mingi. Wiki ya sita hakuingia darasani, akasema tukutane Mnazi Mmoja. Akatupeleka Mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya kanga. Akatuambia kila mtu achague kanga moja, asinunue, aisome tu. Tukaingia duka moja, shikamoo mzee, marahaba wanangu karibuni, mwenye duka akazishusha moja moja kutoka kwenye rafu akazitandaza juu ya kaunta bila kuuliza tunanunua au la.

Akatuonyesha pindo inayozunguka pande zote nne, mji wa katikati, na chini yake jina, yaani yale maandishi. Akasema mnaona, huyu mteja ananunua kitambaa, lakini akiingia dukani anauliza hii inasemaje? Anavaa ujumbe wa mwili mzima na hajalipwa, yeye ndo amelipa. Kisha akashika moja iliyoandikwa "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" akatuhesabisha, si-si-so-te-a-bi-ri-a nane, de-re-va-ni-Mu-ngu sita, akasema nane ni kipande cha shairi, bibi yako anakijua kwenye damu, unampa nane halafu unamkatia kwenye sita, sauti inashuka, anamalizia mwenyewe kichwani. Ndo maana hasahau. Maneno sita hayo, na kuna watu wanalipwa mamilioni kuandika maneno kumi na mbili yasiyokumbukwa hata na aliyeyaandika.

Halafu akaigeuza ile kanga pembeni akatuonyesha maandishi madogo, K.H.E. Mali ya Abdulla. Kumbe hiyo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, biashara iliyoanza mwaka 1887, na kina mama wa pwani wanaiangalia hiyo alama kwanza kabla ya rangi kwa sababu wanajua kanga yake haichuji upesi. Nilikuwa nimesoma sura nzima ya kitabu kuhusu brandi ni nini, ahadi, uaminifu, utambulisho, na sikuwahi kuielewa kama nilivyoielewa pale mzee wa duka aliposema "mteja wangu hajui kusoma vizuri lakini Abdulla anamsoma."

Njia nzima ya kurudi tukawa tunataja majina ya brandi ambayo mtaa umeyageuza kuwa maneno ya kawaida. Bajaji. Pampasi. Jiki. Simtanki. Rambo, ule mfuko wa plastiki uliopigwa marufuku Juni 2019 na bado watu wanasema nipe rambo wakimaanisha mfuko wowote. Mwalimu akauliza, je mwenye jina anafurahi au analia? Kampuni imetumia hela kujenga jina, sasa jina limekuwa la kila mtu, mteja anaomba jiki anapewa ya kampuni nyingine na anaridhika. Huo mjadala ulikuwa na faida kuliko handauti arobaini.

Jumamosi moja hiyo, ndani ya miaka mitatu. Mwaka uliofuata mkataba wake haukuendelea na darasa lililofuata halikwenda Uhuru.

Mifano mingine yote ilikuwa ya nje. New Coke ya 1985, pale Coca-Cola walipobadilisha ladha ya soda yao, tuliisoma wiki mbili, ile ya dawa ya maumivu ya Tylenol mwaka 1982 ambayo watu saba walikufa maeneo ya Chicago kwa dawa zilizotiwa sumu na kampuni ikarudisha chupa kama milioni 31 kutoka madukani tuliisoma mara tatu kwa walimu watatu. Ni mifano mikubwa, siidharau, ile ya Tylenol naitumia mpaka leo nikieleza mteja kwanini aseme mapema. Lakini dirishani kwetu kulikuwa na mifano inapita barabarani! Kampuni ya simu ya Celtel ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010, majina matatu mteja yule yule na laini ile ile, ni kitu gani kilimfanya asihame? M-Pesa ilivyoanza Kenya mwaka 2007, hebu angalia lile jina tu, neno pesa halihitaji kufundishwa mtu kuanzia Lamu mpaka Kigoma, jina lenyewe linakwambia linafanya nini. Na mwaka 2024 Tigo imekuwa Yas, Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, na wakubwa wanakumbuka kabla ya Tigo ilikuwa Buzz na kabla ya Buzz Mobitel. Mama yangu bado anasema nitumie kwa Tigo Pesa. Mimi nikimsikia nasikia mada nzima ya tasnifu, jina linakaa muda gani mdomoni mwa mtu baada ya bango kushushwa? Nani anaandika? Natamani mmoja wenu mnaosoma hapa aje aiandike, na aiandike kwa kuwahoji kina mama kama wale wa Mwenge.

Vifaa, hapa nitapita haraka maana kila aliyesoma anajua. Darasa la watu zaidi ya mia, kompyuta za kufanya kazi kumi na nane, na mtihani wa usanifu tuliufanya kwenye karatasi, eleza hatua za kutengeneza bango kwa Photoshop, alama kumi. Nilizieleza zote na nilikuwa sijawahi kuigusa. Canva nilijifunza kwenye simu kitandani hosteli, CapCut nilifundishwa na rumeti anayesoma ualimu, Photoshop nimeijulia kazini kwa diseina mwenye cheti tu cha miezi sita ambaye ananizidi mbali na namheshimu. Kama unaingia hii kozi hesabu kwamba mikono utaitafuta nje, tangu mwaka wa kwanza, usisubiri.

Kuna jambo moja chuo kililigusa kwa sentensi moja kwenye slaidi, "epuka rushwa kwa wanahabari". Siku ya tatu ya fildi nikapewa daftari la kusainisha waandishi nauli baada ya mkutano, na rundo la bahasha. Binti wa miaka 21. Mwandishi mtu mzima ananiambia mdogo wangu yangu ina upungufu. Nilitetemeka. Sikujua nauli halali inaishia wapi na bahasha inaanzia wapi, sikujua nimuulize nani, sikujua nikikataa nafukuzwa fildi au la, kwa hiyo niligawa. Waandishi wengi hawana mshahara wa maana, wengine hawana kabisa, huo ni ukweli ambao slaidi haikuusema. Hili linastahili wiki mbili za darasa, waitwe waandishi, waitwe maafisa habari, liongelewe kwa uwazi watoto wa watu wasikutane nalo peke yao mlangoni mwa ukumbi.

Ajira. Najua wengi mmekimbilia kusoma hapa. Serikalini nafasi zipo kwa jina la afisa habari au afisa uhusiano, zinatoka kwenye Ajira Portal, zinatoka chache na mnaitwa usaili wengi mno, mimi nimekwenda mara mbili na mara zote tulijaza ukumbi. Ejensi zinaanza na kujitolea au posho ya nauli. Kati ya tuliomaliza pamoja na ninaowasiliana nao, wengi wanaendesha kurasa za mitandao za biashara za watu, maduka, kliniki, saluni, shule, na malipo yanategemea sana umejipangaje mwenyewe. Mimi nilianza na 250,000 kwa mwezi, sasa hivi nimepanda zaidi ya mara mbili ya hapo, na nina wateja wangu wawili wa pembeni. Nilichogundua ni kwamba mteja hanunui digrii, analeta biashara yake inaugua anataka umuulize maswali sahihi. Mwenye duka la vipodozi aliniambia wewe ndo wa kwanza kuniuliza wateja wangu wanakuja siku gani, wenzako wote waliniuliza unataka posti ngapi. Hilo swali nililitoa darasani kwenye somo la utafiti, nalisema kwa sababu nataka kuwa mkweli pande zote mbili.

Nani aichukue? Kama roho yako iko kwenye mauzo, bei na mahesabu, nenda masoko moja kwa moja, CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara) wanayo. Kama unataka kuchora tu na kuhariri video, chukua kozi fupi na ununue kompyuta kwa ile ada, utatangulia. Kama unataka kuwa maarufu mtandaoni, hii kozi haina msaada huo. Lakini kama we ni yule mtu ambaye ukipita Kariakoo unasoma kila bango, ukipanda daladala unasoma maandishi ya kioo cha nyuma unajiuliza huyu dereva alikuwa anamwambia nani, ukisikia tangazo la redio unalirekebisha kichwani, na ukisoma taarifa kwa umma isiyosema kitu unakasirika kwa niaba ya walioandikiwa, njoo. Kozi itakupa jina na mpangilio wa kitu ambacho tayari unacho.

Kabla hujajaza chaguo nenda chuoni kwenyewe, ongea na wa mwaka wa tatu sio wa mwaka wa kwanza, muulize fildi alienda wapi na alifanya nini, muulize kama kuna mwalimu anayetoka kwenye kazi yenyewe, muulize mara ya mwisho aliandika tangazo kwa Kiswahili lini. Omba uone maabara ya kompyuta siku ya kazi, sio siku ya maonyesho.

Na vyuo kama mnasoma, mtaala unapopitiwa upya ongezeni somo moja tu la kopi ya Kiswahili, semista moja, mwiteni mshairi mmoja, mwandishi wa redio mmoja na muuza kanga mmoja. Haihitaji jengo jipya.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amemaliza mwaka huu na amesema chaguo lake la kwanza ni hii hii kozi. Nilimwambia yote haya mnayoyasoma, akasikiliza, akasema dada bado naitaka. Wiki iliyopita tumeenda wote Mtaa wa Uhuru. Yule mzee wa duka bado yupo. Nimemnunulia daftari kubwa la kaunta buku, ukurasa wa kwanza ameandika jina la kanga aliyoichagua na chini yake amehesabu silabi.